Kisunzi katika Njia ya Lumuma: Tarehe ya Elimu ya Sikio la Ndani

Mwezi wa Septemba 1857 msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, ulipiga kambi penye mto ambao Burton aliuandika kwa jina la Rumuma. Ndio Lumuma ya leo, katika wilaya ya Kilosa, na tofauti ya herufi ile ya mwanzo haina ajabu, maana r na l hupokezana vinywani mwa watu wa pande nyingi za nchi bila ya kumpoteza msafiri njia. Msafara ulikuwa umetoka Unguja katikati ya mwezi wa Juni, ukapita Zungomero, kisha ukashika bonde la mto Mkondoa na kupanda nalo kuelekea magharibi. Mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim; na miongoni mwa watumishi alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye jina lake lilikuja kuvuma katika safari nyingine kubwa. Misafara ya zama zile ilipapenda Lumuma kwa sababu chakula kilipatikana huko kwa wingi kuliko katika vituo vilivyotangulia, na sifa hiyo ya bonde haikufa, kwani vitunguu vyake, vinavyonyweshwa kwa mifereji itokayo mtoni, vimeendelea kupelekwa katika masoko ya mbali.

Kutoka Lumuma njia ilikwenda hata Inenge, chini ya mlima wa Rubeho, ambao jina lake katika lugha za huko lina maana ya upepo wa baridi. Hapo ndipo palipotokea jambo linalohusu makala haya. Wazungu wale wawili walifika chini ya mlima wakiwa wagonjwa wa homa, wakitetemeka, vichwa vikiwazunguka, masikio yameziba kwa udhaifu, na miguu haina nguvu ya kuwabeba. Speke alihitaji watu wawili au watatu wa kumshika. Burton alijikongoja kwa msaada wa mtu mmoja. Walichukua muda wa saa sita hivi kupanda, wakitazama juu kwa kukata tamaa, mpaka wakafika kileleni, ambako kwa vipimo vya Burton kulikuwa na urefu wa kama futi 5,700 juu ya bahari. Katika siku hizo Speke alishikwa na homa kali hata akaweweseka, ikalazimu kuondoa silaha karibu naye.

Habari hiyo imesomwa mara nyingi kama sehemu ya hadithi ya kutafuta maziwa makubwa ya Afrika. Inafaa pia kusomwa kwa upande wa elimu ya mwili, maana mwaka ule wa 1857 hapakuwa na tabibu hata mmoja duniani, si London wala Paris wala Unguja, ambaye angaliweza kueleza sawasawa ni kiungo gani cha mwili kinachomwambia mtu kwamba anazunguka. Wasafiri wale waliandika juu ya vichwa na masikio katika habari moja, na wala hawakujua ya kuwa vitu hivyo viwili vina undugu mkubwa kuliko walivyofikiri. Undugu huo ulikuja kutangazwa miaka minne baadaye.

Lugha ya Kiswahili ilikuwa na jina la jambo hili tangu zamani. Kizunguzungu ni neno lililojengwa juu ya kuzunguka, na kurudiwa kwa shina lake kunaonyesha mwendo usiotulia. Watu husema pia kisunzi, na wengine kisulisuli, neno ambalo ni jina la upepo wa kimbunga pia; na mabaharia husema juu ya mtu kulewa na bahari, kwa kuwa mlevi na mgeni wa chomboni hupepesuka kwa namna moja. Maneno haya yote yameshika jambo kwa mwendo wake. Lakini kutaja si kueleza, na neno kizunguzungu lina upungufu mmoja ambao mganga yeyote wa hospitali anaujua: linatumika kwa mambo mawili yasiyofanana.

Jambo la kwanza ni hali ya mtu aliyesimama ghafula baada ya homa au njaa, akaona giza machoni, magoti yakalegea, akahisi kama atazimia. Hapo damu haifiki katika ubongo kwa kiasi cha kutosha, na mtu akilala chini hali humwondokea. Jambo la pili ni kuona nyumba na miti vinazunguka kweli, au mtu kujihisi yeye mwenyewe anazungushwa, hata akilala na kufumba macho. Hili la pili ndilo kizunguzungu halisi, na aghalabu chimbuko lake ni sikio la ndani. Mtu akichungua habari ya Rubeho ataona kwamba vichwa vilivyowazunguka wasafiri pale vilikuwa zaidi vya namna ya kwanza: homa ya malaria, mwendo mrefu, chakula kibaya, na mlima wa kupanda. Urefu wa mlima wenyewe hautoshi kuwa sababu, kwani wapagazi waliupanda wakiwa na mizigo ya kama frasila mbili, yaani karibu ratili 70, juu ya vichwa na mabega yao. Kuziba kwa masikio ni jambo jingine. Huenda ni udhaifu kama alivyofikiri Burton mwenyewe. Lakini kwinini, iliyokuwa dawa kuu ya homa kwa wasafiri wa wakati ule, ikinywewa kwa wingi huleta mlio masikioni, uziwi wa muda, na kizunguzungu, kwa kuwa huchokoza chembe zile zile za sikio zinazopokea sauti na mwendo.

Basi chembe hizo ziko wapi, na zinafanya kazi gani? Nyuma ya kiwambo cha sikio na vifupa vyake vitatu, ndani ya sehemu ya fuvu ambayo ni mfupa mgumu kuliko mifupa mingine yote ya mwili, kuna mapango madogo yaliyojaa maji. Sehemu moja imejikunja kama kombe la konokono. Hiyo ni ya kusikia. Sehemu ya pili ina mifereji mitatu, kila mmoja umepinda kama nusu ya pete, nayo imewekwa pande tatu mbalimbali kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana katika pembe ya chumba. Mtu akitikisa kichwa kwa kukataa, mfereji mmoja unahusika. Akiinama kwa kuitikia, au akilaza kichwa begani, inahusika mingine. Hakuna mwendo wa kichwa kuzunguka ambao mifereji hiyo mitatu ikishirikiana haiwezi kuupima.

Namna ya kupima ni rahisi, na kila mtu aliyepata kubeba maji anaijua. Mtu akichukua bakuli la maji yenye majani machache yanayoelea, akaligeuza bakuli kwa ghafula, ataona majani hayageuki pamoja nalo. Bakuli limekwenda, maji yamebaki nyuma kidogo, maana kitu kizito hupenda kubaki kilipo. Akiendelea kulizungusha kwa mwendo ule ule, maji nayo hatimaye hufuata, yakazunguka pamoja na bakuli. Akilisimamisha bakuli, maji hayasimami mara moja, huendelea kuzunguka. Katika kila mfereji wa sikio mna kilango laini cha ute mzito kinachoziba njia ya maji, na chini yake zimepandwa chembe zenye vinywele. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma na kukisukuma kilango, vinywele hupinda, mshipa wa fahamu hupeleka habari katika ubongo. Vikipinda upande mmoja habari huongezeka, vikipinda upande wa pili habari hupungua, na sikio la kulia na la kushoto hupeleka habari zinazopingana, nao ubongo huzilinganisha kama mizani ya dukani.

Kwa njia hiyo mchezo wa watoto wa kuzunguka kwa mikono iliyonyoshwa hueleweka wote. Mwanzoni mtoto anajua anazunguka. Akiendelea kwa mwendo mmoja kwa muda wa nusu dakika hivi, maji ya mifereji yamekwisha shika mwendo wa kichwa, kilango kimerudi mahali pake, na sikio halina habari tena. Akisimama, maji yanaendelea. Kilango kinasukumwa upande wa pili. Na sikio linaapa kwamba mtoto anazunguka kinyume, hali macho yanaona kwamba amesimama. Ubongo umeletewa mashahidi wawili wasiopatana. Huanguka, hucheka, na pengine hutapika. Baharia mgeni aliyekaa ndani ya chombo ana shauri hilo hilo kwa kinyume: macho yanaona mbao zilizotulia, sikio linasema zinapanda na kushuka, na ndiyo sababu wazee wa pwani humwambia mgeni apande juu atazame upeo wa bahari.

Kazi iliyo kubwa zaidi ya mifereji hii si kuleta kizunguzungu, bali ni kutuliza macho. Kila kichwa kinapogeuka kulia, macho hugeuzwa kushoto kwa kiasi kile kile, bila ya mtu kukusudia, ili picha ya kitu isikimbie. Kwa sababu hiyo mtu hutembea njiani akisoma barua, na mwanamke aliyejitwika mtungi hutazama njia bila ya kuona dunia ikirukaruka kwa kila hatua. Karibu na mifereji hiyo mna pia vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyolala juu ya vinywele. Hivyo hupima kuinama kwa kichwa na mwendo wa kwenda mbele au kushuka. Mtu mzima akipata kizunguzungu kikali cha muda mfupi kila anapogeuka kitandani, mara nyingi sababu ni kwamba vijiwe vimetoka katika mahali pake vikaanguka ndani ya mfereji.

Elimu hiyo ilipatikana polepole. Mwanzoni mwa karne ya 19 wengi walidhani mifereji ni sehemu ya kusikia tu, pengine ya kujua sauti imetoka upande gani. Mwaka 1820 Jan Purkyně alichunguza watu waliozungushwa akaona kwamba kizunguzungu hufuata namna kichwa kilivyokaa wakati wa kuzunguka. Lakini sababu aliitafuta katika ubongo. Miaka minne baadaye Pierre Flourens, huko Ufaransa, alikata mifereji ya masikio ya njiwa. Ndege wale waliendelea kusikia, walakini walipoteza utulivu kabisa: aliyekatwa mfereji mmoja alitikisa kichwa upande mmoja na kuzunguka, aliyekatwa mwingine alipinduka mbele au nyuma, kila mmoja kwa kufuata upande wa mfereji uliojeruhiwa. Ushahidi ulikuwa wazi kama mchana. Hata hivyo ulikaa karibu miaka 40 bila ya kuwafikia matabibu wa wagonjwa, na ndiyo maana mtu aliyeanguka kwa kizunguzungu katika miaka hiyo alihesabiwa kuwa na damu nyingi kichwani. Alitolewa damu, au aliwekewa ruba. Mtu aliyekwisha dhoofika alidhoofishwa zaidi kwa jina la tiba.

Aliyeziunganisha habari hizo mbili alikuwa Prosper Ménière, mganga mkuu wa chuo cha viziwi na bubu cha Paris. Tarehe 8 Januari 1861 aliwasomea wanachuoni wa tiba maandishi yake juu ya wagonjwa waliopatwa na mlio masikioni, uziwi, kisunzi na kutapika, wote kwa mpigo, hali viungo vingine vya mwili ni vizima. Alishikilia kwamba maradhi hayo hayatoki katika ubongo, bali katika sikio la ndani, na akawakumbusha njiwa wa Flourens. Wasikilizaji hawakumpokea kwa shangwe. Alikufa mwaka uliofuata, na heshima ya maradhi yale kuitwa kwa jina lake ilimfikia akiwa kaburini.

Ulipotoka mwaka 1870 Friedrich Goltz alisema kwa uwazi kwamba mifereji ni kiungo cha kushika usawa wa mwili. Kisha, kati ya 1873 na 1875, watu watatu walifika katika maelezo ya maji yanayobaki nyuma, kila mmoja kwa njia yake: Ernst Mach huko Prague, Josef Breuer huko Vienna, na Alexander Crum Brown huko Edinburgh. Ni jambo la kupendeza kwamba mmoja wao tu alikuwa tabibu. Mach alikuwa mtaalamu wa elimu ya nguvu na mwendo, na Crum Brown alikuwa mwalimu wa kemia. Mach aliongozwa na jambo dogo, yaani namna nyumba na miti vilivyoonekana kuinama alipokuwa katika gari la moshi linalopinda kona. Mwaka 1882 Mmarekani William James aliongeza ushahidi wa namna nyingine. Aliuliza habari za viziwi 519, akakuta 186 kati yao hawapati kizunguzungu kamwe hata wakizungushwa. Na katika wanafunzi na walimu karibu 200 wa Harvard alipata mmoja tu wa namna hiyo. Kiziwi ambaye sikio lake la ndani limekufa lote hana cha kumzungusha.

Mwisho wa mnyororo huu ni Robert Bárány wa Vienna. Alipokuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, wengine walilalamika kwamba wanashikwa na kisunzi, na macho yao yalichezacheza. Mgonjwa mmoja alisema hayo hayatokei ila maji yakiwa baridi. Bárány alipoagiza maji ya moto zaidi, macho yakacheza tena, lakini kwa upande wa pili. Hapo alifahamu: maji ya baridi hupoza maji ya mfereji yakashuka, na maji ya moto huyapandisha, nayo chembe hudanganyika zikadhani kichwa kinageuka. Tangu hapo matabibu waliweza kupima kila sikio peke yake. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi, alikoachiliwa mwaka 1916 kwa maombezi yaliyotoka Sweden.

Hapa inafaa kurudi kwa Speke, maana Afrika Mashariki ilimpa somo la sikio ambalo hakulitaka. Mwezi wa Machi 1858, alipokuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwenda kutafuta jahazi kwa Hamed bin Sulayyim, alilala katika kisiwa kimoja. Dhoruba ilivuruga hema lake; alipowasha mshumaa, hema likajaa dundu wadogo weusi. Mmoja aliingia sikioni mwake akaanza kuchimba kuelekea kwenye kiwambo. Speke alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Mwishoni alitia ncha ya kisu kidogo, akamwua mdudu, na akajijeruhi mwenyewe vibaya. Uso ulimvimba na kupinda, hakuweza kutafuna, akawa kiziwi wa sikio lile. Na vipande vya mdudu viliendelea kutoka kwa miezi. Jambo aliloliona la ajabu zaidi ni kwamba kila alipopenga kamasi, upepo ulitoka sikioni kwa mluzi ambao waliokuwa karibu waliusikia.

Mluzi ule unatosha kumwambia tabibu wa leo mahali kisu kilipofika. Pua na sikio la kati vimeunganishwa kwa mrija mwembamba, na upepo hauwezi kutoka nje kwa njia hiyo ila kiwambo kiwe kimetoboka. Basi jeraha lilifika katika sikio la kati. Uchungu, uvimbe, usaha na uziwi ndivyo vilivyojaa katika masimulizi yake; na huenda ule mfupa mgumu ndio uliomwokoa asipoteze usawa wa mwili katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi, mamia ya maili kutoka pwani.

Watu wengi wa Afrika Mashariki walikuja kupatwa na maradhi ya usawa wa mwili kwa sababu ambayo haikuwa mdudu wala homa. Mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, kijana Albert Schatz alipata dawa ya streptomaisini kutoka kwa viumbe vidogo vya udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza ya namna hiyo kuua vijidudu vya kifua kikuu ndani ya mwili wa mwanadamu. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini tangu wagonjwa wa mwanzo ilionekana kwamba wengi hushikwa na kisunzi baada ya majuma machache. Majaribio mashuhuri ya Uingereza, yaliyochapishwa mwezi wa Oktoba 1948 na kuhusu wagonjwa 107, yalihakikisha mambo yote mawili pamoja: dawa inaokoa, na dawa inadhuru mifereji ya sikio. Streptomaisini hufika katika maji ya sikio la ndani na kuua chembe zile zenye vinywele, na chembe hizo katika mwanadamu haziwezi kutegemewa kuota tena.

Madhara yake yalielezwa vizuri kuliko mahali popote na tabibu mmoja wa Marekani, aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya ugonjwa wa goti. Aliandika mwaka 1952 katika gazeti kubwa la tiba la New England, akijitaja kwa herufi mbili tu, J.C. Usawa wake ulipokwisha kabisa, hakuweza kusoma kitabu kitandani mpaka akibane kichwa chake kati ya vyuma vya kitanda, kwa kuwa hata pigo la moyo lilitosha kuyarusharusha maandishi. Alipotembea katika ujia wa hospitali hakuweza kuzitambua nyuso za watu mpaka asimame. Polepole alijifunza kutegemea macho na nyayo. Lakini gizani, au katika maji, au juu ya ardhi isiyo sawa, hakuwa na msaada.

Maneno hayo yana uzito wa pekee kwa nchi kama ya Lumuma. Mjini mtu asiye na mifereji ya sikio aweza kujishikilia ukutani na kutembea chini ya taa. Mkulima ambaye hutoka alfajiri kabla ya nuru, akapita juu ya tuta jembamba kati ya mifereji ya maji, au akavuka kijito kwa gogo, hana taa wala ukuta. Dawa iliyomponya kifua yaweza kumwondolea njia ya shambani.

Katika Tanganyika, Kenya na Uganda kifua kikuu kilikuwa mzigo mkubwa, na hospitali ya Kibong'oto, katika miteremko ya Kilimanjaro, ilifunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao, wakati hakukuwa na dawa ila hewa safi, chakula na mapumziko. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na matabibu wa Afrika Mashariki walifanya majaribio mengi ya kutafuta dawa ambazo nchi maskini ziliweza kuzinunua. Walipata thiasetazoni, iliyo rahisi sana, ikichanganywa na isoniazidi. Na streptomaisini iliongezwa katika miezi ya kwanza ili kuzuia vijidudu visizoee dawa. Sifa ya majaribio hayo ni kubwa, kwani mwaka 1972 yalianza kuuonyesha ulimwengu kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sharti lisemwe kando ya sifa hiyo: thiasetazoni na streptomaisini zikipewa mtu mmoja, kizunguzungu huzidi kuliko streptomaisini peke yake. Urahisi wa bei ulikuwa na gharama yake, nayo ililipwa na sikio la mgonjwa.

Haki inadai iongezwe kwamba hakuna tabibu aliyekuwa na chaguo rahisi. Mgonjwa asiyetibiwa alikuwa karibu na kifo, na angeiambukiza nyumba yake kabla ya kufa. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, ulitegemea sindano ya streptomaisini kila siku katika miezi miwili ya mwanzo, nao ukawa mfano ulioigwa na nchi nyingi. Kosa, kama lipo, ni dogo na la namna nyingine: mgonjwa aghalabu hakuambiwa kwamba kisunzi ni alama ya hatari inayopasa kutajwa mara moja, ili kipimo cha dawa kipunguzwe au sindano ikomeshwe. Uziwi huonekana na jamaa zake. Kupotea kwa usawa hakuonekani. Mtu huambiwa amelewa, au amezeeka, au ana mambo ya uchawi. Na kwa kuwa neno kizunguzungu linabeba maradhi yote mawili, mgonjwa aliyesema anacho aliweza kujibiwa ale chakula zaidi.

Thiasetazoni iliachwa katika miaka ya 1990, ilipojulikana kwamba huwababua ngozi wagonjwa wa Ukimwi hata kuwaua. Streptomaisini nayo iliondolewa polepole katika tiba ya kawaida, na nafasi yake ikachukuliwa na vidonge. Lakini wale wenye vijidudu vilivyozoea dawa, ambao tangu 2009 Kibong'oto iliwapokea kwa tiba yao maalumu, waliendelea kuhitaji sindano za ukoo ule ule, kama kanamaisini, ambayo huharibu zaidi upande wa kusikia kuliko upande wa usawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa wagonjwa hao, na vidonge vitangulizwe mbele ya sindano.